Usimchinje Kuku Mwenye Bawa Bovu Kabla ya Kumtazama



Mimi ni karani wa afisi ya kilimo. Kazi yangu ni kuandika barua, kupanga majalada, na kutia katika daftari maswali ya wakulima wanaokuja kutoka pande za Kitale na Bungoma. Nimeandika maswali mengi juu ya mahindi. Nimeandika mengi juu ya ng'ombe wa maziwa, kupe na mbolea. Lakini kwa muda wote niliokaa kwenye meza ile, sikuwa nimeandika swali hata moja juu ya kuku aliyeumia bawa.

Kwa nini? Je, kuku wetu hawaumii? Wanaumia sana. Mwewe huwachukua, mbwa huwauma, nguchiro huwavamia usiku, waya wa ua huwachana, na sisi wenyewe huwabeba kwa mabawa kama mtu abebavyo kikapu. Sababu ya kutoulizwa ni nyingine. Kuku akiumia tunamtazama mara moja tu, na tunasema, "Huyu ni wa chungu." Kama ameanza kunuka hata chungu hakimtaki, naye hutupwa kwenye mahindi awe chakula cha mbwa.

Maoni yangu ni kwamba desturi hiyo ni mbaya. Ni hasara kwa mfuko, ni hatari kwa afya ya nyumba, na ni mfano mbaya kwa watoto wetu. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine. Lakini kwanza yafaa nikiri kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake ubaoni hafundishi mtu.

KOSA LANGU

Binti yangu ana kuku wake mmoja, mwenye madoa meupe, naye humwita Madoa. Alipewa na nyanya yake huko Tongaren angali kifaranga cha kushika mkononi. Kuku huyo humfuata mtoto mpaka mlangoni, na jioni humngojea arudi kutoka shuleni. Mwaka jana, siku moja jioni, mbwa wetu alimkamata bawa la kushoto. Mtoto akamleta kwangu. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Nilitazama juu juu, nikaona manyoya machache yameng'oka na damu kidogo imeganda, nikasema, "Kuku ni kuku. Atapona."

Siku ya tatu Madoa hakuja kula. Siku ya nne mtoto akaniambia, "Baba, Madoa ananuka." Nikaliinua lile bawa. Chini yake, mahali ambapo sikutazama ile siku ya kwanza, palikuwa na matundu mawili ya meno ya mbwa, ngozi imekuwa nyeusi pembezoni, na funza wanatembea ndani.

Nikaagiza kisu. Mke wangu akasimama mlangoni akasema, "Huko afisini unaandikia watu wote. Hapa nyumbani hujaandika hata mstari mmoja." Naye mtoto akauliza swali ambalo nalikumbuka mpaka leo: "Baba, kama ameoza hafai kuliwa, unamchinja wa nini? Na kama hajaoza, mbona humtibu?"

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani. Katika chuo tulifundishwa kwamba swali la mwanafunzi likikushinda, usimkemee. Nenda ukatafute jibu. Nikaweka kisu, nikampigia simu Bwana Mifugo. Mambo ninayoandika hapa chini nimeyapata kwake, na mengine katika vitabu vya mifugo ambavyo vilikuwa kabatini kwangu siku zote, nami sikuvifungua.

THAMANI YA KUKU MMOJA

Najua kuna mkulima anayesema, "Karani, una wakati mwingi. Kulipa daktari kumpita kuku mwenyewe ni akili gani?" Neno hilo si la kupuuzwa. Basi na tufanye hesabu.

Tuseme kuku jike wa kienyeji anataga mayai 12, anayatamia, anaangua 9, na kati ya hao wanne tu wanaepuka mwewe na maradhi mpaka wafike sokoni. Tuseme afanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Hao ni kuku wanane. Ukimchinja mama yao kwa sababu ya bawa, hukula kuku mmoja jioni hiyo, umekula na wale wanane waliokuwa njiani. Nawe ukimtibu mapema, gharama ni chumvi, maji, kitambaa na nusu saa ya kila siku.

Tena tukumbuke mashamba yetu yalivyo. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka wa 1962, babu zetu walipewa mashamba huku Ndalu, Naitiri, Tongaren na kwingineko kwa mkopo, na shamba lilitosha mahindi, ng'ombe na malisho. Leo shamba lile lile limegawiwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Ng'ombe anakosa mahali pa kusimama. Kuku hakosi. Kwa nyumba nyingi kuku ndiye benki ya mama: ndiye anayelipa sare ya shule, ndiye anayenunua dawa ya mtoto, ndiye anayechinjwa mgeni wa heshima akija, naye mgeni akawekewa firigisi. Kuku wa namna hiyo akiumia, tunamwitaje takataka?

Na hata kama kuku ni wa mtoto tu, wa kupendwa, asiyepelekwa sokoni, bado nasema atibiwe. Mtoto anayejifunza kumwuguza kuku leo ndiye atakayemwuguza ng'ombe wako utakapokuwa mzee, na pengine wewe mwenyewe.

TAZAMA KWANZA

Jambo la kwanza ni kumshika vizuri. Usimkimbize kuku mgonjwa uani kama mwizi. Ngoja jioni, mshike kwa utulivu, mfunike kwa kitambaa au leso mpaka kichwani. Akiwa gizani hutulia. Usimkamue kifuani. Kuku hana kile kiwambo kinachotusaidia sisi kupumua. Yeye hupumua kwa kupanua kifua chake mbele na nyuma. Ukimbana kifua, utamwua mikononi mwako huku ukidhani unamsaidia.

Kisha linyooshe bawa polepole, utazame juu na chini, hasa kwapani. Jino la mbwa na kucha la mwewe huacha tundu dogo juu na uchafu mwingi ndani. Linganisha bawa bovu na lile zima. Je, limevimba? Lina joto? Mfupa unachezacheza?

Ukiona rangi ya kijani katika nyama iliyopondeka, usiogope upesi. Mtu akipondeka huwa wa rangi ya zambarau. Kuku hugeuka kijani baada ya siku mbili tatu, na hiyo si kuoza. Lakini ngozi ikiwa nyeusi, baridi, kavu, yenye harufu mbaya, hiyo ndiyo kuoza.

Na kama bawa limeanguka lakini hakuna jeraha lolote, fikiri tena. Huenda ni ugonjwa. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, uliojulikana katika Kenya tangu mwaka wa 1935, huweza kuangusha mabawa, kupinda shingo, kuharisha majimaji ya kijani na kufagia kuku wa kijiji kizima. Kuku wa namna hiyo hafungwi bendeji. Mtenge, usimpeleke sokoni, usimpe jirani, ukamwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

JINSI YA KULITIBU JERAHA

Mtenge na wenzake. Kuku wakiona damu hudonoa, na wanaweza kumla mwenzao akiwa hai. Mweke katika tenga au sanduku lenye nyasi kavu, mahali pa joto pasipo moshi, na ufunike kwa chandarua kizima ili nzi wasiingie. Maji yawe karibu na mdomo wake. Mpe mahindi yaliyosagwa kidogo, mboga, na omena kwa ajili ya kujenga nyama mpya.

Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, uache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Chumvi isizidi, maana ikizidi huunguza. Nawa mikono kwa sabuni. Kata kwa makasi manyoya yaliyo kando ya jeraha. Usiyang'oe, kwa kuwa utaichana ngozi, na manyoya machanga yana damu ndani. Kisha osha jeraha kwa maji yale mpaka uchafu utoke. Bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe ni chombo kizuri cha kurushia maji.

Lakini shika onyo hili. Mfupa wa juu wa bawa, ule ulio karibu na bega, una uwazi ndani, na uwazi huo umeungana na vifuko vya hewa ambavyo kuku hupumulia. Kama mfupa huo umevunjika na kutokeza nje, usirushe maji ndani ya tundu. Unaweza kumjaza maji kifuani. Pangusa kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukamwite mtaalamu.

Funza watolewe wote kwa kibano, mmoja mmoja. Baada ya saa chache tazama tena, na kesho yake tena, kwa sababu mayai ya nzi huanguliwa kwa muda wa siku moja au chini yake. Mimi na binti yangu tulitoa funza kwa jioni tatu mfululizo, yeye ameshika tochi, mimi nimeshika kibano. Sikujua kama mtoto wa umri ule ana moyo wa namna ile.

Baada ya kuosha, pakaza dawa ya iodini iliyochanganywa na maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Asali safi isiyochanganywa na sukari, nayo hufaa juu ya kidonda kilichokwisha kusafishwa, ila uangalie sisimizi wasimfuate.

Usaha wa kuku si kama wa ng'ombe. Wa ng'ombe hutiririka. Wa kuku huganda ukawa kama kiini cha yai la kuchemsha. Kwa hiyo ukiona uvimbe mgumu usiukamue. Hautatoka, nawe utausukuma ndani. Bwana Mifugo ataupasua na kuutoa kama mtu atoavyo kokwa.

Kama mfupa umevunjika lakini ngozi ni nzima, likunje bawa kama linavyokaa siku zote, ulifunge kwa kitambaa laini, kisha upitishe kitambaa mara moja kuzunguka mwili, chini ya bawa lile zima. Kidole chako kipite chini ya kitambaa. Kisipopita, umekaza mno. Mifupa ya ndege huunga upesi, na mara nyingi majuma mawili au matatu yatosha. Usimwache amefungwa miezi, maana kiungo kitakakamaa.

Kila siku, asubuhi na jioni, mtazame na uandike: amekula? amekunya? kidonda kinanuka? Mwalimu haachi kuita majina kwa kuwa jana watoto walikuwepo wote. Ukimaliza, nawa tena mikono kwa sabuni, na watoto pia, kwa kuwa kuku hata akiwa mzima huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Mtoto ampende kuku wake, lakini asimbusu.

DAWA ZA MKATO

Sasa nataka kusema kwa ukali kidogo. Nimeona watu wakimwaga mafuta ya taa juu ya kidonda cha kuku. Nimeona mafuta machafu ya gari, dawa ya kuoshea kupe, tumbaku na majivu ya moto. Mambo hayo huua nyama iliyokuwa ikipona, na mengine ni sumu inayoingia mwilini. Jaribu kuyatia katika kidole chako kilichokatika, ndipo umtie kuku.

Jambo lingine baya zaidi ni vidonge. Kuku akiumwa, mtu huvunja kidonge cha mtoto kilichobaki mwaka jana akamwagia kuku unga wake, au hununua dawa ya kuua vijidudu dukani, akatia chembe katika maji siku mbili, akaona nafuu, akaacha. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya kwamba dawa ikitumiwa kidogo kuliko ipasavyo, vijidudu huizoea. Hayo ndiyo yanayotukia leo. Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa taifa juu ya jambo hilo mwaka wa 2017, lakini mpango ulioko Nairobi hauwezi kuuzuia mkono wako uani kwako.

Kidonda chenye sumu nyingi huhitaji dawa hizo, ndiyo. Lakini aina yake, kiasi chake na siku zake aziseme mtaalamu aliyeandikishwa. Tena umwulize swali hili: "Mayai na nyama vikae siku ngapi bila kuliwa baada ya dawa?" Kila dawa ina siku zake. Ukiuza yai kabla ya siku hizo, umemwuzia mwenzako dawa asiyoiomba.

NI LINI KISU KIFAE?

Sisemi kila kuku ataokoka. Kama bawa limekufa, ni jeusi na baridi, daktari wa mifugo anaweza kulikata, na kuku mwenye bawa moja huishi vizuri na kutaga. Lakini kama sumu imeenea mwilini, kuku hali wala hanywi, hasimami, anapumua kwa taabu, basi huruma ni kumwua upesi kwa mkono wa mtu ajuaye. Kuku huyo asiliwe. Azikwe shimo la kina au achomwe moto. Jirani akicheka kwamba umezika nyama, mwache acheke. Gharama ya hospitali ni kubwa kuliko mchuzi.

KUZUIA NI BORA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mabawa mengi yangepona kama yasingevunjwa. Jenga kizimba chenye waya usio na ncha zinazochomoza, na mlango unaofungwa kabla ya giza. Kijiti cha kulalia kisiwe juu mno. Vifaranga wadogo wakae penye kivuli cha kichaka au chini ya kibanda ambamo mwewe hawezi kushuka. Mbwa afundishwe angali mdogo, au afungwe mchana.

Na zile safari za sokoni! Nenda barabara ya Kitale au ya Bungoma siku ya soko utazame pikipiki. Kuku ishirini wamefungwa miguu, vichwa chini, mabawa yanapigwa na upepo na kusugua gurudumu. Wakifika wanunuzi huwashika mabawa kuwapima uzito. Halafu tunashangaa kuku tuliyemnunua ana bawa linaloning'inia! Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kusafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bure. Lakini hata bila sheria, tenga si ghali, na mnunuzi mwenye macho hulipa zaidi kwa kuku mzima.

MWISHO WA HABARI

Bwana Mifugo alikuja kesho yake kwa pikipiki yake. Alikata nyama iliyokufa, akatoa kipande cha usaha mgumu, akaacha dawa ya siku saba na maagizo ya mayai. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Aliumwa lini?" Niliposema siku nne zilizopita, alinyamaza, na ule unyamavu ulinifunza kuliko maneno. Siku ya kwanza ile kazi ingekuwa ya maji ya chumvi na robo saa.

Madoa alipona. Bawa lake la kushoto limebaki chini kidogo, wala hawezi kurukia kijiti cha juu, hivyo nilimtengenezea cha chini. Alitamia mayai 11, akaangua 8. Mwewe alichukua wawili. Binti yangu anayo hesabu yote katika daftari lake, pamoja na siku za dawa, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Nami nilirudi afisini nikafungua daftari la maswali, nikaandika: kuku mmoja, bawa la kushoto, meno ya mbwa, ameletwa siku ya nne. Hilo ndilo swali la kwanza la namna hiyo katika daftari letu, na mwulizaji ni karani mwenyewe. Nisingependa libaki peke yake. Wewe mkulima wa Ndalu, wa Naitiri, wa Tongaren, wa Kitale, kuku wako akiumia leo, liinue bawa leo, utazame chini yake. Kisha njoo afisini ukaulize. Kuuliza hakulipiwi, nasi tutaandika.